Shomoro wa Tano

Mahubiri yahusuyo ndege wa Biblia huanzia kwa tai, na aghalabu huishia kwake. Isaya 40:31 humfananisha amngojaye Bwana na tai arukaye. Zaburi 103:5 huutaja ujana unaorejeshwa kama wa tai. Juu ya aya hizo mbili kimejengwa kisa mashuhuri: kwamba tai akizeeka hupanda jabali, akang'oa manyoya, akauvunja mdomo wake, akangoja vyote viote upya. Kisa hicho hakimo katika Biblia, wala hakuna tai afanyaye hivyo; ndege aliyevunjika mdomo hufa njaa. Tena neno la Kiebrania, nesher, ni pana kuliko tai wa mimbari. Mika 1:16 hutaja upara wa ndege huyo, na mwenye kichwa cha namna hiyo ni tumbusi, mla mizoga.

Dosari hapa si ya elimu ya ndege peke yake. Msomaji hufunzwa kujitafuta katika utukufu, ilhali Maandiko yenyewe mara nyingi humwelekeza kwa ndege wasio na sifa.

Mathalani kunguru. Walawi 11:15 humhesabu miongoni mwa ndege najisi. Hata hivyo, katika 1 Wafalme 17, Eliya alipojificha penye kijito cha Kerithi, kunguru ndio waliomletea mkate na nyama, asubuhi na jioni. Msimulizi hamtakasi kunguru kwanza, wala hambadili kuwa njiwa. Funzo limo humo: riziki ilipitia mlango ambao mpokeaji asingeuchagua. Luka naye, katika 12:24, amtaja kunguru kwa jina pale ambapo Mathayo 6:26 husema ndege wa angani tu, na kwa hiyo maneno yake ni makali zaidi. Msomaji wa Unguja ana njia ya karibu ya kuusikia ukali huo. Kunguru amjuaye, aliyeletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili apunguze taka, amegeuka mwizi wa vifaranga na mayai, naye hutegwa na kuuawa. Si jamii moja na kunguru wa Eliya, lakini jina ni moja, na chuki iliyomo katika jina hilo huifafanua aya kuliko sherehe nyingi.

Shomoro ana somo zito zaidi. Katika Mathayo 10:29 wawili huuzwa kwa asarioni moja, sarafu ndogo ya Kirumi. Sarafu 16 za namna hiyo zilifanya dinari moja, ujira wa kibarua wa kutwa. Katika Luka 12:6 watano huuzwa kwa asarioni mbili. Hesabu ya Mathayo ingetoa wanne. Huyu wa tano ni nyongeza, kama dagaa wachache ambao muuzaji huwatupia juu ya fungu lililokwisha kulipiwa. Wanne wana bei, japo duni. Wa tano hana hata hiyo. Ndipo Luka asemapo kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesahauliwa mbele ya Mungu.

Wahubiri wengi huiruka hesabu hii, wakakimbilia faraja inayofuata, kwamba mtu ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini faraja hiyo haina uzito mpaka yule wa tano ahesabiwe kwanza. Tena Mathayo hasemi kwamba shomoro hataanguka. Huanguka, kinachokanushwa ni kuanguka bila ya Baba. Maneno hayo waliambiwa wanafunzi waliokuwa wakitumwa kwenye mateso, nao hawakuahidiwa kwamba watapaa juu yake.

Kisa cha tai humwambia aliyechoka kwamba atainuka akiwa na nguvu mpya, na asipoinuka humwachia lawama. Shomoro wa Luka humwendea yule ambaye hakuinuka, asiye na bei sokoni, na kumwambia kwamba amehesabiwa. Hadhira ya namna hiyo ni kubwa katika kila kanisa, nayo yastahili kusomewa aya yote.