Usawiri wa Mwanamke katika Sanamu za Makaburi ya Ugiriki ya Kale: Uhakiki wa Phrasikleia na Hegeso

Sanamu za marumaru zilizosimamishwa juu ya makaburi ya wanawake wa Ugiriki ya Kale aghalabu husifiwa kwa uzuri wa umbo. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, kwa kuwa kazi hizo zilikusudiwa kutazamwa na kusomwa kwa pamoja. Hoja hii inadhihirishwa na kazi mbili zilizohifadhiwa Athens.

Sanamu ya Phrasikleia ilichongwa na Aristion wa Paros katikati ya karne ya 6 KK. Inamsawiri msichana aliyesimama wima, mwenye taji kichwani na tumba la yungiyungi mkononi. Maandishi ya kitako chake yamo katika nafsi ya kwanza: marehemu anaeleza kwamba ataitwa mwari daima, kwani miungu imempa jina hilo badala ya ndoa. Hivyo, tumba lisilochanua na jina la mwari vinabeba dhamira moja, yaani maisha yaliyokatizwa. Kitako hicho kilitengana na sanamu, kikajengewa katika kanisa la Merenda. Sanamu yenyewe ilifukuliwa mwaka 1972. Kabla ya hapo, sauti ya Phrasikleia ilisomeka bila mwili wake.

Hali ni tofauti katika jiwe la Hegeso, la mwishoni mwa karne ya 5 KK, lililotoka makaburi ya Kerameikos. Hegeso ameketi, akitazama kito alichokitoa katika kisanduku kilichoshikwa na mtumishi aliyesimama mbele yake. Kito hicho hakionekani leo, kwani kilichorwa kwa rangi ambayo imefutika. Maandishi yanataja jina lake na la Proxenos, anayechukuliwa kuwa baba yake, basi. Hegeso hasemi neno. Mtumishi hana hata jina.

Inaweza kudaiwa kwamba ukimya huo ndio unaoipa kazi hii hadhi yake. Dai hilo lina uzito, kwa sababu huzuni ya Hegeso haihitaji maelezo. Hata hivyo, utulivu wa bibi unategemea mikono ya mtumishi: bila kisanduku, hakuna kito wala tendo la kusawiriwa. Kwa mantiki hiyo, mhakiki anayesifu mikunjo ya nguo pekee anaurudia ubaguzi uleule wa jiwe, yaani kumwona mtumishi kila siku bila kuuliza aliitwa nani.