Hasira ya Mzee Majuto

Katika vibanda umiza vya Kilindoni, kisiwani Mafia, watu hawangoji mchekeshaji King Majuto aseme ndipo wacheke. Kicheko huanza pale mwenzake anapomaliza kusema upuuzi na yeye anamtazama tu, macho yamemtoka, mdomo nusu wazi. Hunyamaza kwa muda ambao waigizaji wengi wasingethubutu. Jibu linapotoka, kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, nusu yake humezwa na kelele.

Jina lake halisi lilikuwa Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, 1948. Alianza kuigiza angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo ukimya ule umepikwa miaka mingi. Vichekesho vya jukwaani vya zama zile havikuwa na andiko. Wasanii walikubaliana kisa, mengine yakazaliwa palepale, watazamaji wakiwa wamekaza macho. Asiyemsikiliza mwenzake alikwama. Ilipokuja video, kisha DVD, Majuto alihamia huko na sikio lilelile.

Mtazame akiwa na Sharo Milionea, yaani Hussein Mkiety, kijana wa Muheza. Sharo anaingia kwa madaha, mwendo wa kujirusha, Kiingereza cha kuokoteza. Mchekeshaji mwenye tamaa angeshindana naye kwa vituko. Majuto anamkasirikia, na anamkasirikia kweli, kama mwenye nyumba aliyeona heshima ya mji wake inachezewa. Hasira hiyo ndiyo inayompa Sharo ukuta wa kugonga. Naona ule ulikuwa ukarimu mkubwa wa kisanii, mzee kumbebea kijana kicheko. Ajali ya gari huko Muheza, Novemba 2012, ilimuua Sharo na kutunyang'anya jozi hiyo mapema mno.

Wahusika wake ni wabahili, wakware, wabishi, na hakumdharau hata mmoja. Ndiyo maana mvuvi wa Jibondo, hukohuko Mafia, hahitaji kuelezwa mzee huyu ni nani. Anamjua: ni yule wa barazani anayedai shikamoo kwa kila apitaye huku jicho moja liko kwa mke wa jirani. Majuto humwigiza kwa upande wake mzee huyo, akiamini kila kisingizio chake, na mtazamaji anajikuta akimcheka na kumhurumia papo hapo.

Mwaka 2018 alipelekwa India kutibiwa. Alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, tarehe 8 Agosti mwaka huohuo.

Vijana wanaomwiga huanza na sauti na kutoa macho, kwa kuwa hayo yanashikika upesi. Kazi iko kwingine: kusimama mbele ya mtu anayechekesha na kuamini kabisa kwamba amekukosea, bila tabasamu hata la pembeni. Yeye aliifanya akiwa amepita miaka sitini, katika filamu za fedha kidogo zilizotengenezwa haraka haraka.