Nani Atasahihisha? Uhakiki wa Programu Zisomazo Nota za Muziki

Makabati ya muziki katika sharika zetu yana hazina inayopungua kila mwaka. Karatasi za kwaya zilizorudufiwa kwa stensili zinafifia, mchwa na unyevu humaliza zilizobaki, na vitabu vya zamani vya wapiga kinanda vimekwisha kuadimika. Kwa sababu hiyo wapo walimu wa kwaya wanaouliza ni programu ipi ya kompyuta inunuliwe, ili kurasa hizo ziwekwe kwenye skana na zitoke nota zinazoweza kurekebishwa, kupandishwa ufunguo na kuchapwa upya. Swali hili ni jema. Hata hivyo, mara nyingi huulizwa kana kwamba ipo programu isiyokosea, nayo haipo. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba swali linalopasa kutangulia ni hili: programu ikikosea, nani atasahihisha, na kwa muda gani?

1. Kazi yenyewe ilivyo

Skana haisomi muziki. Hutoa picha tu, na katika picha hiyo nota ni madoa meusi yasiyo na maana yoyote kwa kompyuta. Programu ya kusoma nota hupewa picha hiyo, nayo hutafuta kwanza ile mistari mitano, kisha vichwa vya nota, vijiti vyake, mapumziko, alama za kupandisha na kushusha nusu sauti, na maneno yaliyo chini yake. Mwisho huamua ni alama ipi inahusiana na ipi. Hatua hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Jitihada hizi si za jana. Mwaka 1966 Dennis Pruslin aliandika tasnifu juu ya jambo hili katika chuo cha MIT, Marekani. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, kilitengeneza roboti iliyoitwa WABOT-2, iliyosoma nota kwa kamera na kupiga kinanda. Tangu wakati huo mashine zimeongezeka nguvu mara nyingi, lakini bado ukurasa wa kitabu cha nyimbo za ibada unazisumbua.

Sababu yake ni namna tunavyochapa nyimbo hizo. Sauti nne hubanwa katika safu mbili za mistari: ya kwanza na ya pili juu, ya tatu na ya nne chini. Mwanamuziki hutambua sauti ya kwanza kwa kijiti kinachoelekea juu, na ya pili kwa kijiti kinachoelekea chini. Sauti mbili zikikutana katika nota moja, kichwa ni kimoja na vijiti ni viwili. Hapo ndipo programu huweza kuipoteza sauti moja na kuijaza nafasi yake kwa pumziko ambalo mtunzi hakuliandika. Tena, katikati ya safu hizo kuna beti tatu au nne za maneno, na programu hulazimika kukisia silabi ipi ni ya nota ipi.

2. Asilimia zinazotangazwa

Wauzaji hupenda kutaja asilimia. Tuseme programu inasoma sawasawa nota 99 katika kila 100. Wimbo wa vipimo 16, wenye nota nne kwa kila kipimo katika kila moja ya sauti nne, una nota 256. Kwa hesabu hiyo makosa ni mawili au matatu, na mtu ataona ni machache. Lakini kitabu cha nyimbo 300 za namna hiyo kina nota 76,800, na makosa yake ni kama 768. Nani atayatafuta?

Zaidi ya hayo, makosa hayalingani uzito. Kosa la urefu wa nota hujidhihirisha lenyewe, kwa kuwa kipimo hakitimii au kinazidi, na programu nyingi hukitia alama. Kosa la kimo cha nota halijidhihirishi hivyo. Kipimo kinatimia, karatasi inapendeza, na sauti ya tatu inaimba nota isiyokuwapo. Alama moja ya kushusha ikikosekana mwanzoni mwa mstari, mstari mzima unaharibika. Kwa hiyo asilimia peke yake haitufai.

3. Programu zilizopo

Zipo za kununua na zipo za bure. Kati ya za kununua, SmartScore hutoka kwa Musitek ya Marekani, kampuni iliyoanza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 1990. PhotoScore ya Neuratron, Uingereza, imejulikana hasa kwa sababu toleo lake dogo lilifuatana na programu ya uandishi wa nota iitwayo Sibelius. PlayScore 2 hufanya kazi kwenye simu kwa kupiga picha ukurasa, jambo linalowafaa wasio na skana, ingawa kupata faili la nota kutoka humo ni kwa malipo. Audiveris ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kwa kusoma maneno hutegemea chombo kiitwacho Tesseract, ambacho kina data ya Kiswahili. Kwetu hilo si jambo dogo, kwa kuwa programu inayodhani maneno yetu ni Kiingereza huyaharibu.

Hatusemi kwamba ya bure ni bora kwa kuwa ni ya bure. Audiveris humtaka mtumiaji awe mvumilivu na ajifunze namna yake, na katibu wa usharika asiyezoea kompyuta atahitaji msaada. Tunachosisitiza ni kwamba programu yoyote ipimwe kwa mambo matatu kabla ya fedha ya kwaya kutoka. Kwanza, je, inaonyesha picha ya ukurasa wa asili pamoja na matokeo, ili msahihishaji alinganishe bila kufunua kitabu kila mara? Pili, je, inatenganisha sauti mbili zilizo katika safu moja? Tatu, je, kusahihisha kunachukua muda mfupi kuliko kuandika wimbo upya kwa mkono katika kompyuta?

Jambo la tatu lipimwe kwa saa, si kwa maneno. Zichukuliwe kurasa tano za aina mbalimbali, mojawapo ikiwa iliyofifia. Zipigwe picha kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, zikiwa zimenyooka. Kisha mtu mmoja asahihishe, na mwingine aandike nyimbo zilezile moja kwa moja katika MuseScore, ambayo ni programu ya bure ya kuandika nota. Kwa karatasi iliyofifia, yumkini mwandishi atamaliza kabla ya msahihishaji.

4. Faili litakalobaki

Mwezi Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba imeacha kuiendeleza Finale, programu ya kuandika nota iliyotumika kwa miaka 35. Waliohifadhi kazi zao katika faili za Finale peke yake walilazimika kuzihamisha. Hili litufundishe tusiiweke hazina ya usharika katika mkoba unaofunguliwa na muuzaji mmoja tu.

Njia ya kujikinga ipo. Tangu mwaka 2004 kuna aina ya faili iitwayo MusicXML, iliyobuniwa na Michael Good, ambayo programu nyingi za nota huisoma na kuiandika. Programu ya kusoma nota isiyotoa faili hilo isinunuliwe. Ile itoayo MIDI peke yake haitoshi, kwa maana MIDI hutunza kimo na urefu wa sauti, lakini haitofautishi nota iliyopandishwa na ile iliyoshushwa zikiwa na kimo kimoja. Picha za kurasa za asili nazo zisitupwe. Ndizo shahidi wa mwisho.

5. Karatasi za solfa

Hapa tunafika mahali ambapo ushauri mwingi kutoka ng'ambo hautusaidii. Sehemu kubwa ya muziki wa kwaya zetu haikuandikwa katika mistari mitano. Imeandikwa kwa solfa, mtindo uliotokana na kazi ya Sarah Glover na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, yaani herufi d, r, m, f, s, l, t pamoja na nukta zinazopima mapigo. Programu tulizozitaja zimetengenezwa kwa mistari mitano. Usharika wenye kabati la solfa ukizinunua kwa matumaini ya kuliokoa kabati hilo, umetupa fedha.

Kabati hilo litaokolewa na mtu aijuaye solfa, atakayekaa na kuandika. Watu hao wanazeeka. Ikiwa fedha ni kidogo, tunaona ni heri itumike kumlipa mwalimu wa kwaya mstaafu na kijana mmoja wa kompyuta wakae pamoja, kuliko kununua programu.

Hitimisho

Howard Olson, aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo za Kiafrika katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, na kwa kuwa ziliandikwa, baadhi yake zimeimbwa mbali na nchi hii. Kilichoandikwa husafiri, na kosa lililoandikwa husafiri vilevile. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliwakumbusha wasomaji wake kwamba tarumbeta yenye sauti isiyoeleweka haimwandai mtu kwa vita. Nasi tunaongeza kwamba idhini ya wenye haki iombwe kabla ya kuchapa upya, na kwamba pasiwe na wimbo utakaotoka kwenye mashine na kugawiwa kwaya kabla haujaimbwa na watu wanne, sauti moja moja, huku ukurasa wa asili ukiwa mbele yao.