Mfuniko Uliinuliwa Mapema

Kipimo cha tanuri kilisoma nyuzi 240 pale fundi alipoinua mfuniko Jumamosi ile, na wote tuliokuwa karakanani tukasikia milio: tin, tin, tin, kama punje za mchele zinazodondoka kwenye sufuria tupu. Watu wakapiga makofi. Mimi moyo uliniuma, maana ile ilikuwa sauti ya gilezi, ule utando wa kioo juu ya vikombe, kukatika.

Kazi ya mikono ilikuwa safi: kuta nyembamba, midomo laini, mikono ya vikombe imevutwa na kuunganishwa udongo ungali na unyevu. Jaribio nalo lilipangwa sawasawa, udongo wa aina tatu kwa gilezi tatu, vikombe vinne kwa kila mchanganyiko, vyote vikichomwa kwa joto la koni ya 6.

Lakini ule mfuniko! Jaribio zima lilikuwa na swali moja: gilezi ipi inaafikiana na udongo upi? Vyote viwili husinyaa vikipoa. Gilezi ikisinyaa kuliko udongo ulioibeba, inavutika mpaka inakatika nyufa nyembamba kama nywele. Soda na potashi zikizidi, inasinyaa zaidi; ukiongeza silika, inatulia. Jibu la swali hilo hupatikana tanuri likiachwa lipoe lenyewe. Ukifungua kwa nyuzi 240, hewa ya chumbani inaupiga mdomo wa kikombe huku kitako kikiwa bado na joto la tanuri, na kikombe kimoja kinasinyaa kwa kasi mbili. Tena kama udongo una kristobaliti, aina mojawapo ya silika, hiyo husinyaa ghafla karibu na nyuzi 226. Yaani fundi alifungua hatua chache tu kabla ya mahali panapotaka mwendo wa polepole kuliko pote.

Vilipopoa nikaomba kimoja, cha udongo mwekundu na gilezi nyeupe. Nikakipaka wino, nikafuta kwa kitambaa. Mistari ikajitokeza: imeanzia mdomoni, ikazunguka mshazari, ikapita chini ya mkono na kuishia katikati ya tumbo. Kitakoni hapakuwa na hata mmoja. Fundi akatangaza kwamba gilezi hiyo haiufai udongo mwekundu, na wageni wakaandika. Amejuaje? Huenda haiufai kweli. Huenda pia ni ule upepo. Vikombe 36, siku kadhaa za kufinyanga, kukausha na kuchoma mara mbili, na hakuna anayeweza kusema lolote la hakika kuhusu vile vilivyopasuka. Kikombe kinafinyangwa kingine. Matokeo yale hayapo tena.

Na sababu ilikuwa wageni kungoja na kamera kuwa tayari. Ugonjwa huu wa kugeuza tanuri kuwa jukwaa nimeulalamikia tangu zamani, na kila mwaka unazidi.

Mfinyanzi Lucie Rie, aliyehama Vienna kwenda London mwaka 1938, alichoma kwa tanuri la umeme kama hili hili. Yeye na Hans Coper walifinyanga vikombe na visahani vya kuuza. Gilezi aliipaka juu ya udongo mbichi na kuchoma mara moja tu, njia isiyosamehe kosa, na michanganyiko yake aliiandika daftarini. Kule Abuja ya zamani nchini Nigeria (leo Suleja), katika kituo cha ufinyanzi alichoanzisha Michael Cardew miaka ya 1950, alikofanya kazi Ladi Kwali na ambako Magdalene Odundo wetu alikwenda kujifunza mwaka 1974, walichoma kwa kuni. Tanuri la kuni lenye matofali mazito linahifadhi joto muda mrefu, na mfinyanzi hana budi kulisubiri. Hawa ndio wanaonifanya nisiwe mwepesi wa kusamehe mfuniko ulioinuliwa kwa ajili ya picha.

Udongo umebaki, ndoo za gilezi bado zimejaa. Vichomwe vikombe vingine 36, koni ileile, na mfuniko usiguswe mpaka kipimo kisome 60. Hata ikifika Jumatatu, nitakaa pale nje na chai yangu.