Labani na Mabinti Zake

Katika harusi za kanisani hapa Shinyanga, Mwanzo sura ya 29 husomwa kama habari ya upendo. Yakobo alimpenda Raheli, akamtumikia Labani miaka saba, na muda ule wote haukumchosha. Mhubiri humgeukia bwana harusi na kumwuliza kama naye angeweza kungoja hivyo, watu hucheka, kwaya inaingia. Hatuna ugomvi na mahubiri hayo. Tatizo ni kwamba yanaishia pale habari inapoanza kuwa chungu, na uchungu wake unatuhusu hasa sisi watu wa ng'ombe.

Labani haanzii katika sura ya 29. Tunamkuta katika sura ya 24, siku mtumishi wa Ibrahimu alipofika kumtafutia Isaka mke. Mwandishi anatupa dokezo dogo juu yake: kabla hajamkaribisha mgeni kisimani, alikuwa amekwisha kuiona pete na bangili alizovikwa dada yake. Kesho yake ukatokea mvutano kuhusu siku ya kuondoka, na ndugu zake wakaamua aitwe Rebeka asikilizwe mwenyewe. Akaitwa, akaulizwa, akajibu kwamba atakwenda. Tusisome kwa pupa: wanaume walikuwa wameshakubaliana usiku uliotangulia, na swali lilihusu safari zaidi kuliko ndoa. Hata hivyo binti aliulizwa, na jibu lake ndilo lililomaliza mjadala.

Kwa hiyo Labani alijua kwamba binti huulizwa. Ila alipokuwa baba, na bei ikawa nguvu za mwanamume aliye tayari kuchunga mifugo yake, hakuna mstari katika sura ya 29 ambapo Raheli anaulizwa, wala Lea. Lea alipelekwa usiku. Yakobo alipolalamika asubuhi, Labani alimjibu kwa hoja ya desturi, kwamba kwao mdogo haolewi kabla ya mkubwa. Inawezekana ilikuwa desturi ya kweli. Lakini hakuitaja kwa miaka saba yote, hadi siku ilipoweza kumpatia miaka saba mingine ya kazi.

Wanaomhukumu Labani ni mabinti zake wenyewe, katika sura ya 31. Wanasema baba yao amewaona kama watu baki, amewauza, kisha amekimaliza kile alichopokea kwa ajili yao. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, amekula mahari. Wahubiri wanaofika sura hiyo siku ya harusi ni wachache, na tunaelewa kwa nini, maana wazee waliopokea mahari huwa wamekaa viti vya mbele.

Mahari yenyewe hatuipigi vita. Kwa Wasukuma ng'ombe wa mahari hufunga koo mbili, humpa mke heshima kwa wakwe, na huonyesha watoto ni wa ukoo gani. Lakini ng'ombe hao hawakai zizini. Wanaoingia kwa sababu ya binti hutoka tena kaka yake anapotaka kuoa, na wajomba na baba wakubwa nao wana fungu lao. Familia yenye vijana watatu wa kiume na binti mmoja huanza kumpigia binti huyo hesabu mapema, na mwaka wa ukame, mifugo inapokufa Kishapu, hesabu hufanywa mapema zaidi. Mtoto wa miaka 14 anageuzwa kuwa zizi la kaka zake. Tena yupo anayepangiwa ng'ombe wengi kuliko mwenzake kwa kuwa ngozi yake ni nyeupe. Jambo hili tumelizoea kiasi cha kulitania, wakati linapingana waziwazi na mafundisho ya Mwanzo sura ya 1 kuhusu mfano wa Mungu.

Upande wa Kahama, Mbogwe na Geita, dhahabu imewageuza ng'ombe kuwa noti. Mchimbaji mdogo aliyebahatika kwenye duara anaweza kumaliza mahari kwa siku moja. Safari za washenga, za kwenda na kurudi miezi kadhaa, zilichosha watu, lakini zilimpa binti muda na zilimpa shangazi nafasi ya kusema neno. Fedha taslimu imeondoa hata kinga hiyo ndogo.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wenye miaka 20 hadi 24 mkoani Shinyanga, asilimia 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 37. Hiyo ilikuwa Shinyanga ya zamani, kabla ya mwaka 2012 ilipomegwa kuupata mkoa wa Simiyu na sehemu ya Geita. Wastani wa taifa umeshuka tangu hapo. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 29. Tunazitaja takwimu hizi kwa sababu moja. Tumezoea kusema makanisani kwamba kikwazo cha kubadili Sheria ya Ndoa ni dini ya jirani. Mkoa uliokuwa na asilimia 59 ni huu wenye wafuasi wa mila na Wakristo wengi kuliko Waislamu, kwa hiyo maelezo hayo hayatoshi.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1971. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, na kikairuhusu mahakama kushuka hadi miaka 14 panapokuwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikasema msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya baba yake, na kama baba hayupo tena, ya mama au mlezi. Ni kweli kwamba sheria hiyo hiyo inadai pia ridhaa huru ya wanaooana. Lakini mtu anayejua nyumba zetu anajua ridhaa ya mtoto wa miaka 15 inasikika kwa sauti gani baba akishaitoa yake. Halafu soma Kanuni ya Adhabu pembeni ya vifungu hivyo. Kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama aliridhia, isipokuwa awe mke wa mwanamume huyo na awe ametimiza miaka 15. Tendo ni lile lile na mtoto ni yule yule. Kinachomtoa mwanamume kwenye hatia ni ndoa aliyoiridhia baba.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vinavunja Katiba. (Jina lake tumelitafakari sana tulipokuwa tukisoma Mwanzo 24.) Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Mwaka huo uliisha Oktoba 2020 Bunge likiwa halijavigusa vifungu hivyo, na baadaye tukaambiwa kwamba maoni ya wadau yanaendelea kukusanywa, wakiwemo viongozi wa dini.

Katika rufaa hiyo kuna hoja moja ya Serikali ambayo kila mshirika angepaswa kuifahamu. Mawakili wake walisema tofauti ya umri iliwekwa kwa faida ya msichana, kwamba akipata mimba kabla ya miaka 18 ndoa inamsitiri, na mtoto wake hazaliwi nje ya ndoa. Mahakama haikushawishika. Ilikataa kuona ulinzi wowote katika kumwoza mtoto.

Hoja ile haikutungwa mahakamani. Ni yetu, na imekaa makanisani kwa miaka mingi. Binti akionekana ana mimba, katika sharika nyingi huondolewa Mezani pa Bwana na hutolewa kwenye kwaya, na siku ya kutubu husimama mbele ya watu peke yake. Mwanamume aliyempa mimba mara nyingi hatajwi, na kama ni mshirika wa mtaa mwingine huendelea kuimba besi kama kawaida. Familia ikiiona aibu hiyo inakuja, hufanya lile ambalo mawakili wa Serikali walilitetea: humtafutia ndoa upesi, na mara nyingine ni kwa huyo huyo aliyemharibu. Nidhamu ya kanisa inayomwangukia mtoto na kumruka mtu mzima inachochea ndoa hizi, hata kama mchungaji anazikemea madhabahuni. Yupo atakayejibu kwamba hata Mariamu alikuwa msichana mdogo. Maandiko hayataji umri wake popote. Yanachosema, katika Luka sura ya 1, ni kwamba aliambiwa yeye mwenyewe, akauliza swali lake, kisha akajibu kwa kinywa chake.

Wengine hujipa moyo kwamba sheria ya elimu imemaliza kazi. Ni kweli kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30, na mwaka huo huo elimu bila ada ilifikishwa hadi kidato cha nne. Ni hatua kubwa. Lakini ulinzi huo umefungwa kwenye sare ya shule, na wazazi wenye hesabu ya ng'ombe waliliona pengo hilo upesi. Wapo wanaomwelekeza binti akosee mtihani wa darasa la saba makusudi, ili jina lisitoke kwenye orodha ya kidato cha kwanza. Asipochaguliwa si mwanafunzi tena, na ana miaka 13 au 14. Tunawafahamu walimu wanaoshtuka kuona msichana aliyeongoza darasa mwaka mzima akirudisha karatasi ya namna hiyo, na hawana pa kuipeleka mashaka yao.

Hapo ndipo kanisa lilipo na kazi ambayo Bunge haliwezi kuifanya. Viongozi wetu wanapoombwa maoni, tungependa waseme miaka 18 bila ya neno "isipokuwa", kwa sababu katika sheria ya 1971 mambo yote yaliharibikia kwenye "isipokuwa". Hata sheria ikibadilika, ndoa nyingi tunazozisema hazimfikii msajili wala ofisi ya mchungaji. Hufungwa nyumbani kwa ng'ombe, na huletwa kanisani kubarikiwa baada ya watoto watatu, na siku hiyo ya kubariki hakuna anayemwuliza mama alikuwa na miaka mingapi alipochukuliwa.

Sura ya 31 ina jambo moja zaidi ambalo husomwa harakaharaka. Yakobo hakuwauliza Raheli na Lea nyumbani. Alituma mtu awaite waje malishoni, kwenye kundi la wanyama, mbali na baba yao. Yakobo alikuwa ametimiza miaka ishirini kwa Labani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tunapoona mabinti hao wakiulizwa wanaonaje juu ya nyumba ya baba yao. Wakajibu yote bila kumung'unya maneno.

Sharika zetu nazo zina malisho yake. Mwalimu wa shule ya Jumapili hukaa na mabinti saa nzima bila wazazi, na wakati mwingine ndiye mtu mzima pekee nje ya ukoo anayeyajua majina yao. Ana daftari la mahudhurio. Baada ya mavuno, ngoma zinapoanza na washenga wanapotembea, jina likikosekana Jumapili mbili mfululizo aende hadi nyumbani akiwa na mama mmoja wa umoja wa wanawake, aombe kuzungumza na binti mwenyewe kando, kisimani au shambani. Baba akimwambia mlangoni kwamba binti amekwenda kusalimia ndugu Geita, aulize ni ndugu gani na wa kijiji gani, aandike. Asipopata jibu linaloeleweka, siku hiyo hiyo alipeleke jina hilo kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, na mchungaji aende naye.