Kuondoa Kimoja, Kuacha Vingine

Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa ya fahamu iliyofika kwenye kipande kimoja cha utumbo mwembamba, kisha wakakitia asidi. Kongosho likamwaga maji yake vilevile. Wakakwangua utando wa utumbo, wakausaga kwa mchanga na asidi, wakachuja, wakamdunga mbwa maji yale kwenye mshipa wa damu. Likamwaga tena. Hivyo ndivyo ilivyopatikana homoni ya sekretini, na ikajulikana kuwa utumbo huliagiza kongosho kupitia damu.

Ufundi ninaousifu ni huo: kuondoa kitu kimoja na kuacha vingine vyote mahali pake.

Baadaye ulihitajika katika jambo zito zaidi. Panya waliolishwa unga wa soya mbichi, kongosho lao lilikua kupita kiasi, na wapo walioota uvimbe. Waliopewa pia azaserini, kemikali inayoanzisha saratani, walidhurika zaidi. Wenzao walikula unga uleule, ila uliopitishwa motoni. Ona werevu wa jaribio hilo! Joto huiharibu protini ya soya inayoizuia tripsini, kimeng'enya cha kongosho. Tripsini ni breki ya utumbo; ikizuiwa, breki huachia, kolesistokinini ikazidi kumwagika katika damu, nayo ni homoni inayolikuza kongosho la panya.

Mvivu angeishia hapo. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwapa panya dawa ya kuziba vipokezi vya kolesistokinini huku soya mbichi ikiendelea kuliwa, na ukuaji ule ukazuilika. Nyuma ya sentensi hiyo fupi yuko mtu aliyeinamia hadubini, akihesabu vidoa vya seli zilizoanza kuharibika, kipande baada ya kipande, bila hata kuambiwa panya yupi alikula nini. Kazi hiyo haina makofi.

Kwa hamsta mambo yakagoma. Uvimbe wao huota zaidi kwenye mirija ya kongosho, kama saratani nyingi za kongosho la binadamu, ilhali wa panya hawa huota kwenye seli zinazotengeneza vimeng'enya. Maabara moja iliona kolesistokinini ikichochea uvimbe, nyingine haikuona, na yote mawili yakachapishwa.

Basi ukisikia mtu akitangaza kwamba soya huleta saratani ya kongosho, muulize: mbichi au iliyopikwa, na kwa mnyama gani?