Fundi Asiye na Papara

Ligi kuu ya soka la Kiaustralia ilianza kuchezwa mwaka 1897. Tangu wakati huo wamepita wachezaji zaidi ya 12,000, na wengi wao hawakufikisha hata mechi 50 kabla goti, bega au kocha hajawaambia basi. Agosti 3, 2024, kwenye uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne, Scott Pendlebury wa klabu ya Collingwood alicheza mechi yake ya 400. Kabla yake ni watano tu waliowahi kufika hapo. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Mkongwe akifikisha idadi ya namna hiyo, sifa zote humiminiwa mwili wake. Watu husifu mapafu, magoti, nidhamu ya chakula na usingizi wa mapema. Hayo yote yapo na sina ugomvi nayo, maana bila mwili hakuna mechi. Lakini Pendlebury hakuwahi kuwa na mbio za kutisha, wala hakuwa mtu wa kupiga watu kumbo mpaka wakamwogopa. Amedumu kwa ufundi mmoja ambao nimeutazama kwa hamu ileile miaka nenda miaka rudi. Mahali ambapo wenzake wote wanalia kwamba hawana muda, yeye anao.

Ili ufundi huo ueleweke, yafaa kwanza kuujua mchezo wenyewe, maana sisi tuliolelewa na soka tunaweza kuutazama robo nzima tukaona fujo tupu. Uwanja una umbo la yai. Kila timu ina wachezaji 18 ndani. Mpira ni wa ngozi, mrefu, umechongoka ncha zote mbili, kwa hiyo ukidunda hata aliyeuzoea hana hakika utaelekea wapi. Unaruhusiwa kuudaka na kukimbia nao, ila kila baada ya mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Ukitaka kumpa mwenzako, ama unaupiga teke, ama unaulaza kwenye kiganja cha mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili. Mwishoni mwa uwanja husimama milingoti minne. Ukipita kati ya miwili mirefu ya katikati ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni yake ni pointi 1. Zinachezwa robo nne za dakika 20, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, hivyo kila robo hukaribia nusu saa. Mchezaji wa kiungo huweza kukimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja.

Mambo mawili katika sheria za mchezo huu ndiyo yanayompa kiungo kazi ngumu kuliko zote. La kwanza, hakuna kuotea. Adui anaweza kuwa mbele yako, nyuma yako na ubavuni kwa wakati mmoja, na yote ni halali. Kiungo wa soka mara nyingi anajua hatari inatokea upande upi. Huyu wa Australia anazungukwa. La pili, ukishika mpira ukawa na nafasi ya kuutoa usiutoe, kisha ukakamatwa, refa anapuliza kipenga na mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana kelele za mashabiki hupanda kila mtu anapokumbatiwa akiwa na mpira mkononi. Wachezaji wengi wakisikia nyayo nyuma yao huupiga popote ili mradi uwatoke. Hofu ya kukamatwa inawaamulia.

Pendlebury haamuliwi na hofu. Mtazame mpira unapotoka kwenye msongamano na kumfikia kifuani. Hakimbii. Anasimama wima, ameunyoosha mpira mbele yake kwa mikono miwili, macho yako juu. Mpinzani anakuja kwa kasi kumkamata. Mtu wa kawaida angeshautoa. Yeye anangoja kidogo, kiasi cha mpinzani kunyanyua mguu asioweza kuurudisha, halafu anainua mpira kama anayetaka kuupiga. Mpinzani anaruka kuuzuia. Pendlebury anaurudisha kifuani, anapiga hatua moja pembeni, na yule mwenzetu anapita na upepo. Sasa wa pili anakuja, naye Pendlebury anamvuta vilevile mpaka huyo wa pili amwache mtu aliyekuwa akimlinda. Mtu huyo aliyeachwa peke yake ndiye anayepewa mpira, kwa ngumi fupi, usawa wa tumbo, akiwa tayari anakimbia. Tukio zima limechukua muda ambao wewe umetumia kusoma sentensi hii. Wala hajatoka jasho la ziada.

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na sijaona mwanamichezo anayestahili methali hiyo kuliko huyu.

Amezaliwa mwaka 1988, na alikulia Sale, mji wa eneo la Gippsland, mashariki ya Melbourne. Ujanani mapenzi yake yalikuwa mpira wa kikapu, tena kwa kiwango cha kupata nafasi ya kufadhiliwa katika taasisi ya michezo ya taifa kule Canberra. Aliiacha nafasi hiyo akachagua soka la kwao. Nafasi aliyoiacha ilichukuliwa na Patty Mills, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa NBA na San Antonio mwaka 2014. Collingwood walimchukua Pendlebury kwenye uteuzi wa vijana wa mwaka 2005, akiwa wa tano kuitwa, na mwaka uliofuata akaanza kucheza chini ya kocha Mick Malthouse.

Kikapu hakikumtoka. Yeyote aliyecheza mchezo huo ataitambua mikono yake mara moja. Kule uwanja ni mdogo, watu kumi wamebanana, na mchezeshaji lazima ajue mwenzake atakuwa wapi kabla hajafika. Pendlebury aliuhamisha ujuzi huo kutoka kwenye sakafu ya mbao hadi kwenye nyasi, na uwanja wa soka la Kiaustralia, kwa upana wake, ukamwonekea kama mali ya bure. Hata namna ya kumhadaa mtu kwa kuinua mpira bila kuutoa ni ya kikapu.

Mguu wake ni wa kushoto, na nao una somo lake. Teke la msingi katika mchezo huu hupigwa kwa kuuachia mpira uanguke wima kutoka mikononi, ncha chini, kisha mguu unaupiga kwenye ncha hiyo ya chini ili mpira uzunguke kinyumenyume hewani. Ukizunguka hivyo hunyooka na kudakika. Siri iko kwenye mkono unaouachia, kuliko hata kwenye mguu. Mkono ukitikisika, mpira unaanguka umepinda, na hapo hata uwe na paja la chuma teke limeharibika. Pendlebury anauongoza mpira kwa mkono mpaka chini karibu na goti kabla hajauachia. Baada ya misimu karibu ishirini mkono ule bado unafanya vilevile, mvua inyeshe, uchovu wa robo ya nne uwepo.

Matunda ya kazi hiyo yameandikwa. Septemba 25, 2010, Collingwood na St Kilda walitoka sare ya 68 kwa 68 katika fainali, na kwa sheria ya wakati ule ikabidi fainali nzima irudiwe wiki iliyofuata. Katika marudio hayo Collingwood walishinda kwa pointi 56, na Pendlebury, kijana wa miaka 22, akachukua Medali ya Norm Smith, inayotolewa kwa mchezaji bora wa fainali. Mara tano amekuwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu yake. Katika historia nzima ya ligi hakuna aliyeugusa mpira na kuutoa kwa mguu au kwa ngumi mara nyingi kuliko yeye. Rekodi hiyo ilikuwa ya Robert Harvey wa St Kilda, mtu ambaye aliwahi kumfundisha Pendlebury pale Collingwood, akakaimu hata ukocha mkuu mwaka 2021. Medali ya Brownlow, ile kubwa ya mchezaji bora wa ligi, hajawahi kuipata. Hilo naliona ni upungufu wa wapiga kura, maana macho ya watu huvutwa na anayeruka na kuanguka, na huyu hufanya mambo makubwa akiwa amesimama.

Uchungu nao ameuonja. Walipoteza fainali ya 2011 mbele ya Geelong. Ya 2018, yeye akiwa nahodha, waliipoteza kwa West Coast kwa pointi 5. Alishika unahodha misimu tisa, kuanzia 2014 hadi 2022, bila kuinua kombe. Kisha akaukabidhi kwa Darcy Moore, akabaki mchezaji kama wengine, na msimu uleule wa kwanza, mwaka 2023, Collingwood wakawafunga Brisbane fainali kwa tofauti ya pointi 4 mbele ya watu zaidi ya 100,000. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita kati ya ubingwa wake wa kwanza na wa pili. Kuna watu ambao wangekabidhi unahodha wakanuna. Yeye, hata mwaka 2022, akiwa bado nahodha, kocha Craig McRae alipomrudisha kucheza nyuma, alicheza nyuma.

Hapo ndipo ninapoona maana ya mechi 400. Idadi hiyo haipatikani kwa kuwa hodari wa jambo moja. Msimu wa kawaida una mechi ishirini na kitu kwa kila timu, na ule wa 2020 ulipunguzwa hadi 17 kwa sababu ya korona. Kwa hiyo 400 inadai takriban misimu kumi na minane bila majeraha makubwa, chini ya makocha tofauti, kila mmoja na mfumo wake, kila mmoja akiwa na kijana mwenye kasi benchi anayeitaka namba yako. Klabu ya Collingwood ilianzishwa mwaka 1892, na kwa muda mrefu aliyeichezea mechi nyingi kuliko wote alikuwa Tony Shaw, mechi 313. Pendlebury alimpita, akaendelea.

Waliomtangulia kwenye 400 kila mmoja alikuwa na njia yake. Kevin Bartlett wa Richmond, mdogo wa mwili na mwenye uchu wa magoli, alikuwa wa kwanza kufika, mwaka 1983. Michael Tuck wa Hawthorn alicheza 426 na kutwaa ubingwa mara saba. Mechi yake ya mwisho kabisa ilikuwa fainali ya 1991, ambayo aliishinda akiwa nahodha na umri wa miaka 38. Dustin Fletcher, beki wa Essendon aliyeanza ligi kuu akiwa bado mwanafunzi, alisimama kwenye 400 kamili, baada ya kuvuka miaka 40. Shaun Burgoyne, wa Port Adelaide na baadaye Hawthorn, alikuwa wa kwanza kufika hapo miongoni mwa wenyeji asilia wa Australia. Na Brent Harvey wa North Melbourne, mwenye sentimita 167 tu kati ya majitu, alimpita Tuck mwaka 2016 akaishia 432. Harvey alitamani kuendelea. Klabu ikaamua kutomwongezea mkataba. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa kuwa msimu ule alikuwa bado anacheza vizuri.

Australia wana desturi nzuri ya kuwaheshimu watu hawa wangali hai na wangali na jezi. Mashabiki hutengeneza bango kubwa la karatasi lenye jina la mchezaji na idadi ya mechi, na timu hulipasua kwa kupita katikati yake ikiingia uwanjani. Mechi ikiisha, wenzake humbeba mabegani. Siku ile ya Agosti wapinzani walikuwa Carlton, mahasimu wa Collingwood wa tangu na tangu, na Collingwood walishinda kwa tofauti isiyofika hata goli moja. Mechi za namna hiyo ndizo zake, zinapobaki dakika mbili na kila mtu anataka kuutoa mpira upesi, naye anawaonyesha kwa mkono kwamba watulie.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani mambo haya yako mbali naye kabisa. Aliir Aliir, beki mrefu wa Port Adelaide aliyeingia kwenye kikosi bora cha ligi mwaka 2021, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, nchini Kenya, na wazazi wake wanatoka Sudan Kusini. Naye ni mtu wa kusoma mpira unakoangukia kabla ya mwenye kuudaka.

Pendlebury hakuishia 400. Aliendelea kucheza mwaka 2025. Ukipata mechi ya Collingwood, au hata kipande chake kwenye simu, uache mpira kwa dakika mbili, umtazame namba 10 kabla mpira haujamfikia. Utaona kichwa chake kikigeuka kulia, kushoto, nyuma, kisha tena. Na kama wewe ni kocha wa vijana, uwe wa soka, wa kikapu au wa netiboli, waonyeshe wachezaji wako kipande hicho kabla hujawaamrisha kukimbia mizunguko.